Maswali Yenu ya Ufundi: Waya wa Sensa za Mwendo Uwe Mnene Kiasi Gani?

SWALI: Kwako mjibu maswali, salaam. Ninafunga mfumo wa kengele ya wezi katika nyumba ambayo bado haijapigwa lipu. Nimepanga kuweka sensa sita za mwendo, na ile ya mbali kabisa itahitaji kebo ya mita 45 kutoka kwenye paneli, nikihesabu kupanda na kushuka ukutani. Muuzaji wa vifaa ameniambia nichukue "waya wa 0.5". Fundi wangu wa umeme anasisitiza 1.5 kama wa taa, kwa hoja kwamba waya mnene hauna hasara. Karatasi iliyokuja na sensa inasema AWG 22, nami sijui hiyo inalingana na ipi kati ya hizo mbili. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, isikilize karatasi. Fundi wako hakosei anaposema kwamba waya mnene hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, lakini hoja hiyo ina uzito pale tu ambapo mkondo ni mkubwa, na sensa ya mwendo ni miongoni mwa vifaa vinavyokula umeme kidogo mno katika nyumba nzima. Sensa ya kawaida ya infraredi, ile inayotambua joto la mwili unaopita mbele yake, huendeshwa na umeme mnyoofu wa volti 12 na huvuta takriban miliampea 10 hadi 20. Zile zinazochanganya infraredi na mikrowevu huvuta zaidi, mara nyingi kati ya 20 na 40.

Tufanye hesabu ya sensa yako ya mbali. Waya wa shaba wa AWG 22, yaani wenye unene wa milimita za mraba 0.33, una ukinzani (kiasi cha kuuzuia mkondo) wa karibu ohmu 5.3 kwa kila mita 100. Kwa kuwa umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, mita 45 za kebo ni mita 90 za waya, nazo zina ohmu 4.8 hivi. Zidisha kwa miliampea 15, yaani ampea 0.015, utaona kwamba kinachopotea njiani ni volti 0.07. Ukiweka ule wa fundi, wa milimita za mraba 1.5, utapoteza volti 0.02 pekee. Umeokoa volti 0.05 kwa ajili ya kifaa ambacho kwa kawaida hukubali chochote kati ya volti 9 na 16, na kwa faida hiyo isiyoonekana umejaza bomba la ukutani kwa kebo ngumu zisizopindika.

Tena kuna jambo ambalo fundi wa umeme wa nyumba hulikuta anapokifungua kisanduku chenyewe. Ndani ya sensa mna safu ya skrubu ndogo sana zilizopangwa bega kwa bega: mbili za umeme, chanya na hasi, mbili za ishara ya kengele, na mbili za swichi inayotoa taarifa mtu akifungua kifuniko. Waya wa 1.5 hauingii humo kwa hiari. Atakayelazimisha atapunguza nyuzi ili ncha iingie, na waya ulionyofolewa nyuzi unakuwa mwembamba mahali pale pale ambapo mguso ulipaswa kuwa imara. Waya wa AWG 22 huingia vizuri: uambue ganda kwa milimita 6 hivi, usiuchune kwa kisu hadi kuacha alama kwenye shaba, na ukiwa ni wa nyuzi nyingi, uzisokote zote pamoja ili usibaki hata mmoja uliochomoza na kugusa skrubu ya jirani. Uzi mmoja wa aina hiyo umewahi kuwasumbua mafundi wengi kuliko unene wote wa waya tunaoujadili hapa.

Sasa nirudi kwa muuzaji wako, kwa maana "0.5" yake ni jibu nusu. Katika maduka namba hiyo hutajwa kwa vitu viwili tofauti. Kuna 0.5 ya kipenyo, yaani upana wa shaba ukiipima kwa milimita, ambayo ni desturi ya kebo za simu; na kuna 0.5 ya eneo, yaani milimita za mraba, ambayo ni desturi ya kebo za umeme. Waya wenye kipenyo cha milimita 0.5 una eneo la milimita za mraba 0.2 tu, kwa hiyo ule wa pili ni mnene zaidi ya mara mbili na nusu. Muulize muuzaji ni ipi, na akisitasita, soma maandishi yaliyopigwa kwenye ganda la kebo kabla hujalipa.

AWG ni mfumo wa Kimarekani, unaotumika tangu mwaka 1857, na unawachanganya wengi kwa sababu namba yake hukua waya unapopungua. Waya hutengenezwa kwa kuvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo, na kadiri unavyovutwa mara nyingi ndivyo namba yake inavyopanda. AWG 24 ni karibu milimita za mraba 0.2, AWG 22 ni 0.33, na AWG 18 ni 0.82; namba ikishuka hatua tatu, shaba huongezeka takriban maradufu. Kebo nyingi za kengele zinazouzwa kwa vipimo vya metriki huandikwa 7/0.2, maana yake nyuzi saba zenye kipenyo cha milimita 0.2 kila mmoja, ambazo kwa jumla ni milimita za mraba 0.22. Hiyo ni nyembamba kidogo kuliko AWG 22 na ina ohmu 8 hivi kwa kila mita 100. Kwa mita 45 zako, inafaa bila wasiwasi.

Wengine huhofia kwamba hata kama umeme utafika, ishara ya kengele itadhoofika katika waya mwembamba. Hofu hiyo haina msingi. Ishara yenyewe ni mguso wa rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, unaofunguka au kufunga, na paneli huupima kupitia rezista za mwisho wa laini, vipande vidogo vya ukinzani ambavyo huwa na maelfu ya ohmu. Ohmu tano au kumi za kebo hazionekani mbele ya maelfu hayo, mradi rezista ziwekwe ndani ya sensa kama jina lake linavyodai, wala si ndani ya paneli kwa sababu ndiko kunakofikika kwa urahisi.

Kwa hiyo, badala ya kuongeza unene, ongeza idadi ya nyaya. Nunua kebo yenye nyaya sita hata pale ambapo nne zingetosha leo, kwa kuwa mbili ni za umeme, mbili za kengele, na mbili za ile swichi ya kifuniko, na waya wa ziada ukutani ni akiba siku mmoja utakapokatika. Peleka kebo moja kwa kila sensa kutoka kwenye paneli. Ukiamua kulisha sensa zote sita kwa waya mmoja unaopita toka chumba hadi chumba, mkondo utafika miliampea 90, na kwa AWG 22 upotevu mwishoni hautazidi volti 0.43, kwa hiyo umeme si kikwazo. Kikwazo ni kwamba kiungio kimoja kikilegea utapoteza sensa kadhaa kwa mpigo, nawe utakuwa unakitafuta nyuma ya lipu.

Tena, acha kipande cha akiba cha kebo nyuma ya kila sensa, na ukishamaliza kuunganisha, ziba tundu ambalo kebo inapitia. Hewa ya darini ikipenya kupitia tundu hilo, au wadudu wakiingia humo, sensa ya infraredi huona mabadiliko ya joto na kulia bila mwizi, nawe utailaumu kebo isiyo na kosa.

SWALI: Mpendwa mjibu maswali, mfumo wangu hufanya kazi vizuri umeme ukiwapo. Umeme ukikatika, kwa saa za mwanzo huwa kimya, kisha sensa mbili zilizo kwenye banda la nyuma huanza kutoa taarifa za mwizi ovyo, na king'ora kidogo cha humo bandani hulia kwa sauti ya kukwama. Umbali ni kama mita 120. Kebo ina nyaya nane za AWG 24, mbili kati yake hazijatumika, na king'ora kinachukua umeme kwenye nyaya zile zile za sensa. Nimebadilisha sensa zote mbili na tatizo limebaki. Je, betri ndiyo mbovu?

JIBU: Betri inaweza kuwa imechoka, lakini hata mpya ingekuletea matatizo hayo hayo, ila ingeyachelewesha. Ulivyoyaeleza mambo, kwamba utulivu hudumu saa kadhaa kabla ya vurugu, ni dalili ya volti zinazoshuka polepole hadi kuvuka mpaka wa sensa, ambao kwa kawaida ni volti 9.

Umeme ukiwapo, paneli hutoa takriban volti 13.7, kwa sababu ndicho kiwango cha kuiweka betri ya risasi na asidi ikiwa imejaa. Umeme ukikatika, mfumo hutegemea betri peke yake, ambayo huanza karibu na volti 12.7 na kuendelea kushuka hadi 10.5 inapokaribia kuisha. Hesabu ya unene wa waya inapaswa kufanywa kwa hiyo 10.5. Ni hapo mafundi wengi hujikwaa: wanapima mchana umeme ukiwapo, wanaona volti 12 na ushei kwenye sensa, wanafunga kifuniko na kuondoka.

Mita 120 ni mita 240 za waya kwenda na kurudi, na kwa shaba halisi ya AWG 24 hizo ni ohmu 20. Tuseme sensa zako mbili huvuta miliampea 50 kwa pamoja. Utapoteza volti moja, na kwenye betri iliyokwisha zitabaki volti 9.5, ambazo bado ni halali. Kwa hesabu hiyo sensa zilipaswa kunyamaza. Ndiyo maana ninashuku kwamba kebo yako si ya shaba tupu, bali ni ya alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo kwa unene ule ule ina ukinzani wa karibu mara 1.6 ya shaba. Ohmu 20 zinakuwa 32, volti moja inakuwa 1.6, na 10.5 inashuka hadi 8.9. Umevuka mpaka.

Kuthibitisha si kazi kubwa. Kwangua ncha ya waya kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, na ya kupakwa huonyesha weupe wa alumini. Kisha pima kwa multimita. Zima mfumo, chomoa nyaya mbili za umeme pande zote, ziunganishe pamoja kule bandani, kisha pima ohmu upande wa paneli. Ukiona karibu na 20, nimeikosea kebo yako heshima; ukiona 30 au zaidi, ama ni alumini, ama kuna kiungio kilichopata kutu njiani.

Utauliza kwa nini volti zikipungua sensa ilie badala ya kunyamaza. Imeundwa hivyo kwa makusudi. Rilei ya sensa nyingi hushikiliwa na umeme wakati wa utulivu, na huachia mtu anapopita. Mwizi akikata waya, rilei huachia vilevile, na paneli hupata habari. Volti zikianguka chini ya kiwango, sensa haina namna ya kutofautisha kati ya waya uliokatwa na waya mwembamba.

King'ora ndicho kinachogeuza udhaifu huo kuwa vurugu. Kikivuta miliampea 200 juu ya zile 50 za sensa, kupitia ohmu 32, volti 8 zinapotea njiani, na kinachofika bandani hakitoshi kitu chochote kile. Sauti hukwama, sensa huzimika na kuwaka upya, kila kuwaka kunahesabiwa kama tukio jipya, na paneli inaamini kwamba banda limevamiwa na kundi zima.

Jambo la kwanza, basi, ni kukitoa king'ora kwenye kebo ya sensa. Kipelekee kebo yake ya shaba ya AWG 18, ambayo kwa umbali huo ina ohmu 5 na itapoteza volti moja tu kikiwa kinalia. Hapa ndipo waya mnene una haki ya kudaiwa. Kisha, kwa sensa, tumia nyaya mbili zilizobaki: unganisha mmoja sambamba na chanya na mwingine sambamba na hasi, pande zote mbili za kebo. Ukinzani utapungua kwa nusu hadi ohmu 16, upotevu utakuwa volti 0.8, na sensa zitaona volti 9.7 hata betri ikiwa hoi. Ni tiba halali, ingawa alumini ina tabia ya kulegea chini ya skrubu na kukatika ikipindwapindwa, na mimi nikiwa na nafasi ya kuvuta kebo upya ningeweka ya shaba ya AWG 22. Hiyo, bila kuunganisha chochote sambamba, ina ohmu 13 hivi, ambazo ni chache kuliko ulizozipata kwa kuunganisha alumini maradufu.

Ukimaliza, zima umeme wa nyumba, acha mfumo kwenye betri kwa saa kadhaa, uende bandani ukapime volti kwenye skrubu za sensa ya mwisho wakati king'ora kinalia. Kipimo cha hali nyingine yoyote hakikuambii lolote kuhusu tatizo lako.

SWALI: Nina boksi zima la kebo ya mtandao lililobaki baada ya kufunga kompyuta. Ninaweza kuitumia kwa sensa za mwendo, au ni nyembamba mno?

JIBU: Unaweza. Kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e kwa kawaida ni AWG 24 na ya Cat6 ni AWG 23, na zote mbili zinatosha kwa sensa moja katika nyumba ya ukubwa wa kawaida. Una nyaya nane za kuchezea, kwa hiyo toa jozi nzima kwa chanya na jozi nzima kwa hasi, ukibaki na jozi mbili kwa kengele na swichi ya kifuniko. Jozi ya AWG 24 iliyounganishwa pamoja inapita hata waya mmoja wa AWG 22. Nina masharti mawili. Hakikisha ni ya shaba tupu, kwa kuwa maboksi ya alumini iliyopakwa shaba ni mengi zaidi katika kebo za mtandao kuliko katika kebo za kengele. Na kebo iliyopewa kazi ya sensa usiipitishie tena mawasiliano ya kompyuta kwa jozi zilizosalia, hata kama zinaonekana kukaa bure. Andika pia kwenye ganda, ncha zote mbili, kwamba ni ya kengele, maana yeyote atakayekuja baadaye akiona kebo ya mtandao ataidhania ni ya mtandao na kuikata.

SWALI: Nataka kufunga nje taa yenye sensa ya mwendo inayotumia umeme wa kawaida wa nyumba. Nimesoma kwamba waya wa sensa ni AWG 22. Je, nao utafaa, kwa kuwa taa yenyewe ni ya wati 20 tu? Na je, ninaweza kuupitisha katika bomba moja na kebo za kengele ili nisitoboe ukuta mara mbili?

JIBU: Hapana kwa yote mawili, na kwa hili ninakuomba usijaribu. Kebo ya kengele imetengenezwa kwa volti ndogo, na ganda lake halikukusudiwa umeme wa nyumba. Zaidi ya hapo, katika umeme wa nyumba unene wa waya hauchaguliwi kwa kuangalia wati za taa, bali kwa kuangalia swichi ya usalama inayolinda laini hiyo. Hitilafu ikitokea, mkondo utakaopita ni ule ambao swichi hiyo inauruhusu, hata kama ni maradufu ya mahitaji ya taa, na waya wa AWG 22 utaungua wakati swichi bado imetulia. Tumia unene ule ule wa laini ya taa inakotoka, ambao katika nchi zinazotumia metriki mara nyingi ni milimita za mraba 1.5. Kumbuka kwamba sensa ya namna hii inahitaji waya wa moto usiokatizwa na swichi ya ukutani, waya wa nyutro, waya wa ardhi, na waya mwingine wa moto unaotoka kwenye sensa kwenda kwenye taa endapo viwili hivyo vimetengana.

Kuhusu bomba, kebo za volti ndogo na za umeme wa nyumba zisikae pamoja. Ganda la waya wa umeme wa nyumba likichubuka humo ndani, umeme huo utaingia kwenye paneli na kwenye kila kilichounganishwa nayo. Hata nje ya bomba, zikilazimika kwenda sambamba, ziache nafasi ya sentimita 30 kati yake, na pale zinapopishana zikatane kwa pembe mraba, ili mawimbi ya umeme wa nyumba yasiingie kwenye laini ya kengele. Ikiwa nafasi hiyo haipatikani kwa umbali mrefu, weka kebo ya kengele yenye kinga ya foili, nayo kinga hiyo iunganishwe na ardhi upande wa paneli tu. Ukiiunganisha pande zote mbili, mkondo utaanza kuzunguka ndani ya kinga yenyewe. Toboa ukuta mara mbili.